Asili ya Upinzani Ndani ya Chama Tawala: Maisha na Siasa za Jaramogi Oginga Odinga

Kada akiulizwa upinzani wa kisiasa hutoka wapi, mara nyingi hujibu kwamba hutoka kwa watu wenye uroho wa madaraka, au hutoka kwa mabeberu wanaotoa fedha ili kuzivuruga nchi changa. Majibu hayo yana ukweli wake, na historia ya Afrika ina mifano ya aina zote mbili. Lakini mtu anayejifunza siasa kisayansi hawezi kuridhika nayo. Fedha za nje haziwezi kuotesha mbegu pasipo na udongo, na uroho wa mtu mmoja hauwezi kuwakusanya maelfu ya wakulima uwanjani kama wakulima hao hawana shida yao wenyewe. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: ni mgongano gani uliokuwamo katika jamii, na chama tawala kiliushughulikia vipi kabla haujatoka nje ya mlango wake?

Katika makala hii tutalichunguza swali hilo kwa kutazama maisha ya mwanasiasa mmoja wa Kenya, Jaramogi Oginga Odinga. Tumemchagua kwa sababu alipita katika hatua zote. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa chama kilicholeta uhuru, akawa Makamu wa kwanza wa Rais wa Jamhuri, kisha akawa kiongozi wa upinzani na mtu wa kizuizini, na katika uzee wake akawa tena kiongozi wa upinzani. Tunashikilia kwamba upinzani wake haukuletwa kutoka nje ya KANU. Ulizaliwa ndani ya KANU, kutokana na swali la nani anufaike na matunda ya uhuru. Chama hakikulijibu swali hilo kwa hoja, kililifungia mlango. Swali la namna hiyo likifungiwa mlango halifi. Hurudi kwa sura nyingine, na kwa Kenya lilirudi kwa sura ya ukabila.

1. Mwalimu na mfanyabiashara

Odinga alizaliwa yapata mwaka 1911 katika eneo la Sakwa, Bondo, huko Nyanza. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akawa mwalimu. Hiyo ndiyo njia waliyopita viongozi wengi wa kizazi chake katika Afrika Mashariki. Ukoloni ulihitaji makarani na walimu wachache wa Kiafrika, na wachache hao ndio waliouona ubaguzi kwa karibu zaidi, kwa kuwa walifanya kazi kila siku chini ya Wazungu na kulipwa kwa kipimo cha rangi.

Aliacha ualimu akaingia katika biashara. Mwaka 1947 yeye na wenzake waliandikisha shirika la akiba na biashara la Wajaluo, lililojulikana kwa kifupi LUTATCO. Shirika hilo lilikusanya hisa ndogondogo za wakulima, walimu na vibarua waliofanya kazi mijini, likajenga majengo, likafungua maduka na likaendesha uchapaji. Nia yake ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kibiashara. Odinga alitaka kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kuendesha shughuli zake bila kusimamiwa na Mzungu, wala kumtegemea Mhindi mwenye duka.

Hapa tunaliona tabaka lake. Hakuwa mkulima asiye na ardhi, wala hakuwa mfanyakazi wa kiwandani. Alikuwa msomi na mfanyabiashara mdogo, yaani wa lile tabaka tunaloliita la mabepari uchwara. Lakini tabaka hilo katika nchi ya kikoloni lina njia mbili mbele yake. Linaweza kutumia elimu na mtaji wake mdogo ili likae katika kiti cha mkoloni, au linaweza kujifunga na wavuja jasho na kudai mabadiliko ya mfumo mzima. Uhuru ulipofika, tabaka hili la Kenya liligawanyika katika njia hizo mbili. Mgawanyiko huo ndio kiini cha habari yetu.

Tuone pia jambo la pili. Katika miaka ya 1950 Odinga alikuwa Ker, yaani kiongozi wa Umoja wa Wajaluo, chama cha kijamii cha kabila lake kilichokuwa na matawi hata nje ya Kenya. Nguvu yake ya kwanza ya kuwakusanya watu ilitoka huko. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekipiga marufuku chama cha KAU mwaka 1953, na Waafrika waliporuhusiwa kuunda vyama tena mwaka 1955 viliruhusiwa vya wilaya tu, si vya nchi nzima. Kwa hiyo ukabila katika siasa za Kenya haukuanguka kutoka mbinguni. Ulilelewa na sheria za mkoloni, na kila kiongozi wa wakati ule, hata mzalendo wa kweli, alilazimika kusimama kwanza juu ya msingi wa kwao.

2. Umoja wa kudai uhuru

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Odinga alichaguliwa kutoka Nyanza ya Kati. Mwaka uliofuata alisimama barazani akatamka jambo ambalo wengi waliliwaza lakini hawakuthubutu kulisema: kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliokuwa kifungoni bado walikuwa viongozi wa watu. Wazungu walimzomea, na hata baadhi ya wajumbe wa Kiafrika walijitenga naye. Lakini baada ya muda si mrefu jina la Kenyatta likawa wito wa nchi nzima. Tunalitaja tukio hili kwa sababu Odinga angeweza kunyamaza. Kenyatta akiwa kifungoni, nafasi ya kiongozi mkuu wa Waafrika ilikuwa wazi. Hoja kwamba Odinga aliongozwa na uroho wa cheo tangu mwanzo haina msingi katika historia hii.

KANU ilipoundwa mwaka 1960, James Gichuru alikuwa Rais wake, Odinga Makamu wa Rais, na Tom Mboya Katibu Mkuu. Mwaka huohuo Odinga alizitembelea nchi za kijamaa, ikiwamo China. Aliporudi alianza kutafuta nafasi za masomo katika nchi hizo, na mamia ya vijana wa Kenya wakaondoka, wengi kupitia Cairo. Wakati huo Mboya alikuwa akiwapeleka vijana wengine Marekani kwa ndege. Hivyo ndivyo vita baridi vya wakubwa vilivyoingia ndani ya chama kimoja. Kila upande ulikuwa na fedha zake, vijana wake na marafiki zake wa nje. Waingereza walimwogopa Odinga kiasi kwamba serikali ya mseto ilipoundwa mwaka 1962 hawakukubali apewe uwaziri.

Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963. Odinga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Jamhuri ilipotangazwa Desemba 1964, Kenyatta alikuwa Rais, na Odinga akawa Makamu wa Rais. Kwa nje chama kilionekana kimoja. Lakini umoja wa kudai uhuru ni umoja wa kumwondoa adui mmoja. Adui akishaondoka, kila tabaka lililokuwamo katika umoja ule huuliza fungu lake, na hapo ndipo kazi ngumu ya chama inapoanza.

3. Swali la ardhi

Katika Kenya swali hilo lilikuwa na jina moja: ardhi. Walowezi walikuwa wamejimilikisha mamilioni ya ekari za nchi nzuri ya milimani, na vita vya Mau Mau vilivyoanza mwaka 1952 vilipiganwa kwa ajili yake. Watu wengi waliamini kwamba uhuru maana yake ni kurudishiwa ardhi hiyo. Serikali ilifuata njia nyingine. Kwa mikopo kutoka Uingereza na kwingineko, ilinunua mashamba ya walowezi na kuyauza tena kwa Waafrika. Katika mpango wa ekari milioni moja, familia takribani 35,000 zilipewa viwanja, lakini zilivipokea pamoja na deni. Mkulima aliyepigania ardhi ya babu yake alijikuta akiilipa kwa riba. Mashamba mengi makubwa nje ya mpango huo hayakugawanywa hata kidogo. Yalinunuliwa yakiwa mazima na wenye uwezo wa kupata mikopo, wakiwamo mawaziri, wabunge na maofisa wa juu wa serikali.

Ndani ya KANU walikuwapo waliopinga. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, alikuwa Waziri Mdogo wa Elimu. Alitetea wasio na ardhi, akaacha kazi hiyo mwaka 1964. Mwaka 1965 Kenyatta alimkaripia hadharani katika mkutano, akimlinganisha na wenzao wa kifungoni waliokwisha kujitengenezea mali, na kumuuliza yeye amejifanyia nini. Kwa maneno mengine, kutokuwa na mali kulihesabiwa kuwa kasoro ya kiongozi. Msomaji akumbuke kwamba miaka miwili baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka katika nchi yetu miiko ya uongozi iliyosema kinyume kabisa. Viongozi wa nchi hizo mbili walitoka katika tabaka lilelile la wasomi wa kikoloni. Chama cha huku kiliandika kanuni ya kulizuia tabaka hilo lisijigeuze kuwa mabepari. Chama cha kule kililihimiza.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Na. 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Jina lilikuwa la ujamaa, lakini ndani yake mlikuwa na kulinda mali za watu binafsi, kuvutia mitaji ya kigeni na kuelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na miundombinu tayari. Odinga na wenzake waliona kwamba njia hiyo itawanenepesha wachache. Lakini uwanja wao wa kulisema hilo ulikuwa unazidi kufinywa. Pio Gama Pinto, mshauri na mratibu wao mkubwa, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi Februari 24, 1965. Chuo cha Lumumba, kilichofunguliwa Desemba 1964 kwa msaada wa Urusi ya Kisovyeti ili kufundisha makada wa KANU, kilifungwa mwaka uliofuata baada ya baadhi ya wanafunzi wake kujaribu kuyateka makao makuu ya chama.

Inafaa kutaja hapa kosa la kimkakati la Odinga mwenyewe. Yeye alikuwa muumini wa chama kimoja. KADU, chama cha upinzani cha wakati ule, kilipojivunja na kuingia KANU Novemba 1964, alishangilia kama wengine, akitumaini kwamba umoja utakiimarisha chama. Kilichotokea ni kwamba viongozi wa KADU, ambao wengi wao walikuwa na msimamo wa kihafidhina kuhusu ardhi na mitaji, walikiongezea nguvu kikundi kilichompinga. Mmoja wao, Daniel arap Moi, alichukua wizara ya Mambo ya Ndani iliyokuwa ya Odinga. Idadi ya wanachama iliongezeka, lakini uzito wa wapigania mabadiliko ulipungua. Umoja usio na itikadi hausemi chama kinaelekea wapi. Aliye na nguvu zaidi ndani yake ndiye anayekivuta.

4. Limuru, Machi 1966

KANU ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila mkutano mkuu wa wajumbe. Matawi yalikuwa yamelala, na kadi ziliuzwa wakati wa uchaguzi tu. Ghafla mkutano ukaitishwa Limuru, Machi 1966. Mboya ndiye aliyeupanga, kwa ustadi mkubwa. Katiba ya chama ilibadilishwa, cheo cha Makamu wa Rais wa chama kikafutwa, na mahali pake vikawekwa vyeo vinane vya makamu, kimoja kwa kila jimbo pamoja na Nairobi. Odinga hakufukuzwa kwa jina, ila kiti chake kiliondolewa chini yake.

Kada aangalie kwa makini kilichofanyika. Mjadala juu ya ardhi haukuwekwa mezani. Wajumbe hawakuulizwa kama mkulima alipe au asilipe, au kama kiongozi amiliki mashamba matatu au shamba moja. Swali la itikadi lilijibiwa kwa mbinu za uongozi wa mikutano. Tena mbinu iliyochaguliwa, ya makamu mmoja kwa kila jimbo, iliweka ndani ya katiba ya chama fikra kwamba kiongozi huwakilisha kwao, wala hawakilishi msimamo. Kwa namna hiyo KANU yenyewe ilianza kulipa swali la tabaka vazi la kabila.

Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi Aprili 1966, akaongoza chama kipya, Kenya People's Union, kwa kifupi KPU. Kaggia akawa naibu wake, na Achieng Oneko, naye aliyefungwa katika kesi ya Kapenguria, akajiunga nao. Wabunge wapatao 30 waliwafuata. Serikali ikajibu kwa haraka isiyo ya kawaida. Katika muda wa siku chache Bunge lilipitisha marekebisho ya Katiba kwamba mbunge anayekihama chama kilichomdhamini lazima arudi kwa wapiga kura. Kanuni hiyo kwa yenyewe si ya ajabu. Katika Katiba yetu pia mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza kiti. Tatizo lilikuwa kwamba ilitungwa baada ya tendo, kwa ajili ya watu fulani, na ikaandamana na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani.

5. KPU mbele ya umma

Uchaguzi mdogo uliofuata, Juni 1966, ulihusu viti 29. KANU ilishika serikali, redio na kibali cha mikutano. KPU ilipata viti 9 tu. Hata hivyo, kura zote zilipojumlishwa, KPU iliizidi KANU kidogo. Maana ya matokeo hayo ni kwamba swali lililofukuzwa Limuru lilikuwa na wenyewe.

Lakini ni wapi KPU ilishinda? Kwa sehemu kubwa ilishinda Nyanza ya Kati, nyumbani kwa Odinga. Kaggia alishindwa Kandara, katikati ya Wakikuyu wasio na ardhi ambao hoja yake iliwahusu kuliko watu wote. Oneko alishindwa Nakuru. Wakulima wale waliambiwa kwamba kuipigia KPU kura ni kumpa Mjaluo uongozi wa nchi. Baadhi walikuwa tayari wanatumaini kupata kiwanja katika mipango ya serikali, na mtu mwenye tumaini la ekari tano hawezi kulaumiwa kwa kuogopa kulipoteza. Hapa tunaona jinsi mabepari wanavyotumia ukabila. Si kwamba wao wenyewe wanaupenda. Katika bodi za makampuni walikaa pamoja Mkikuyu, Mjaluo, Mhindi na Mwingereza bila ugomvi. Wanautumia ili mkulima wa Kandara asimtambue mkulima wa Bondo kuwa ndugu yake wa tabaka moja.

Mwaka 1967 Odinga alichapisha kitabu chake, Not Yet Uhuru, kilichotanguliwa na maneno ya Kwame Nkrumah. Jina lake linaeleza hoja yake yote: uhuru wa bendera umefika, uhuru wa mwananchi bado. Wakati kitabu hicho kinasomwa ng'ambo, chama chake nyumbani kilikuwa kinanyongwa polepole. Mikutano ilinyimwa vibali. Kaggia alifungwa mwaka 1968 kwa kufanya mkutano bila kibali. Katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya mwaka 1968, wagombea wa KPU walienguliwa kwa madai kwamba hawakujaza fomu ipasavyo, na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Mwaka 1969 Kaggia alirejea KANU. Alipoondoka yeye, KPU ilibaki chama cha Wajaluo machoni pa nchi, hata kama maandishi yake yalizungumza lugha ya tabaka.

Julai 5, 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Yeye ndiye aliyemshinda Odinga Limuru, lakini alikuwa Mjaluo, na Nyanza nzima iliingia msibani na katika hasira. Huko Mkoa wa Kati watu walikusanywa kula viapo vya kikabila. Oktoba 25, 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovyeti, msaada ambao Odinga alihusika kuupata. Yeye na Odinga walitupiana maneno makali hadharani, ghasia zikazuka, na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wengine husema walikuwa wengi zaidi, watoto wakiwamo. Odinga na wenzake walikamatwa, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulifanyika na chama kimoja peke yake.

Hivyo, katika muda wa miaka mitatu na nusu, ubishi juu ya ardhi na mali ulikuwa umegeuka kuwa damu baina ya makabila mawili. Aliyepata hasara ni mwananchi wa pande zote mbili. Aliyepata faida ni mwenye shamba kubwa, ambaye baada ya hapo hakuulizwa tena alilipataje.

6. Kizuizini, kimya na kurudi

Odinga aliachiliwa Machi 1971, akarudi KANU. Lakini alizuiwa kugombea ubunge mwaka 1974, na tena mwaka 1979. Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Rais mpya, Daniel arap Moi, alimteua Odinga kuwa mwenyekiti wa bodi ya pamba. Mwaka 1981, akihutubia Mombasa, Odinga alirudia lilelile: kwamba yeye na Kenyatta walikosana kwa sababu ya unyakuzi wa ardhi. Kwa maneno hayo njia yake ya kurudi bungeni ikazibwa. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu Limuru, na hoja haikuwa imebadilika.

Mwaka 1982 yeye na George Anyona walipoonekana kutaka kuunda chama kingine, walifukuzwa KANU. Mwezi Juni Bunge likaingiza katika Katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU chama pekee kwa sheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Odinga aliwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake, na mwanawe Raila akakaa kizuizini kwa miaka.

Agosti 1991 Odinga alikuwa miongoni mwa wazee sita waliotangaza FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba mwaka huo. Ungetarajia kwamba ushindi umekaribia. Lakini FORD iligawanyika kabla ya uchaguzi: Odinga akabaki na FORD-Kenya, Kenneth Matiba akaongoza FORD-Asili, naye Mwai Kibaki alikuwa na chama chake. Desemba 29, 1992 Moi alishinda kwa takribani asilimia 36 ya kura. Matiba alipata asilimia 26 hivi, Kibaki 19, na Odinga 17. Wapiga kura zaidi ya nusu waliikataa KANU, na KANU ikaendelea kutawala. Kila mgombea mkubwa alipata kura zake nyingi kwao. Mbegu ya Limuru ilikuwa imekua mti.

Mwaka 1993 Odinga, kiongozi wa upinzani bungeni, alikiri kwamba alipokea fedha kutoka kwa mfanyabiashara aliyehusika katika kashfa ya Goldenberg, akisema zilikuwa mchango kwa chama. Baadhi ya viongozi vijana wa FORD-Kenya walijitoa. Alifariki Januari 20, 1994.

7. Kumpima

Tunampima vipi? Wako wanaomfanya mtakatifu, na wako waliomfanya kibaraka. Mwanafunzi wa siasa hana haja na kimojawapo.

Odinga aliuliza swali sahihi na akaendelea kuliuliza kwa gharama kubwa. Angeweza kupata mashamba kama wenzake, maana cheo cha Makamu wa Rais kilimpa nafasi hiyo. Uthabiti wake katika jambo la ardhi hauna shaka. Lakini upungufu wake ulikuwa wa kiitikadi na wa kimuundo, na wenzake walishiriki upungufu huo. Hakujenga shirika lenye mizizi katika vyama vya wafanyakazi. Huko Mboya ndiye aliyekuwa na nguvu. Hakuwafikia wasio na ardhi wa Bonde la Ufa na Mkoa wa Kati kwa makada walioishi nao, bali kupitia watu wenye majina. Alitegemea marafiki wa nje, jambo lililowapa maadui zake silaha ya kumwita mtumishi wa wageni, ingawa wao nao walikuwa na wageni wao. Na alipobanwa, alirudi kwenye ngome ya nyumbani, kwa sababu ndiyo pekee iliyosimama. Chama kinachotegemea mtu mmoja na fedha za kupewa hufika siku ya kupokea fedha bila kuuliza zimetoka wapi. Mambo ya mwaka 1993 hayakuwa ajali. Yalitokana na jinsi chama kilivyojengwa.

Kuhusu KANU, hukumu yetu ni nzito zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na dola. Ilikuwa na uwezo wa kuitisha mjadala wa wanachama juu ya ardhi mwaka 1964 au 1965. Huenda msimamo wa Odinga ungeshindwa kwa kura. Lakini kushindwa kwa hoja mbele ya wanachama humwacha mtu ndani ya chama akiwa na haki ya kujaribu tena. Kushindwa kwa hila humtoa nje pamoja na wote wanaomwamini.

8. Mafunzo kwa makada wetu

Kwanza, kada asikimbilie kuuliza ni nani anayempinga kiongozi. Aanze na kinachosemwa, na hali halisi ya wananchi wanaokisikiliza. Kama wakulima wanamsikiliza msemaji, basi kuna jambo katika maisha yao. Jambo hilo litabaki hata msemaji akinyamazishwa.

Pili, vikao vya chama si mapambo. Tawi lisilokutana ni tawi ambalo ndani yake manung'uniko yanaiva bila kuonekana. KANU haikujua nguvu ya swali la ardhi kwa sababu ilikuwa imeacha kuyauliza matawi yake. Chama kinachokutana ili kuthibitisha tu yaliyoamuliwa hakina tofauti kubwa na chama kisichokutana.

Tatu, mgongano wa ndani ya umma ushughulikiwe kama mgongano wa ndani ya umma. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takribani asilimia 20 ya Watanzania waliohojiwa walitaka vyama vingi, na wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka marekebisho. Ingekuwa rahisi kusema kwamba walio wengi wameshinda na jambo limekwisha. Chama kilichagua kuwasikiliza walio wachache, na mwaka 1992 mfumo ukabadilishwa. Mtu anaweza kubishana juu ya faida na hasara za mabadiliko hayo, lakini hawezi kukataa kwamba yalifanyika kwa mjadala.

Nne, ukabila hauponywi kwa kuukemea majukwaani. Huota pale swali la mali na ardhi linapokatazwa kujadiliwa kwa jina lake. Wananchi wakizuiwa kuuliza ni tabaka gani limenufaika, watauliza ni kabila gani limenufaika, na jibu la swali hilo la pili hupatikana kwa mapanga.

Tunapendekeza makala hii ijadiliwe katika madarasa ya itikadi na katika matawi, na wasomaji wajiulize haya. Je, ni maswali gani ya wananchi wa eneo letu ambayo hayajawahi kufika katika kikao cha tawi? Ni nani anayeyauliza hivi sasa, na anayauliza wapi? Na kama hayaulizwi ndani ya Chama, ni mlango gani uliofungwa, na nani mwenye ufunguo wake?